Kabla Mlango Haujasema Karibu

Ndani ya boksi la vifaa vya kujifunzia elektroniki, chini ya nyaya za rangi rangi na bodi ya Arduino inayoenea kiganjani, hukaa kadi moja nyeupe isiyo na maandishi na kishikizo kimoja cha buluu cha kuning'iniza. Huuzwa pamoja na kisomaji kiitwacho RC522, na kwa anayetaka kujenga mlango usiotumia ufunguo, hivyo ndivyo vitu vya kwanza kushikwa. Kadi haina betri. Ikisogezwa karibu na kisomaji hunyonya nguvu kutoka kwenye mawimbi yake, yanayotetema kwa megahezi 13.56, na ikishapata uhai huo wa kuazima hutaja namba yake. Bodi hulinganisha namba iliyotajwa na ile iliyoandikwa katika programu. Zikilingana, mota ndogo ya servo hujizungusha robo duara na kijiti kilichowekwa badala ya komeo hurudi nyuma. Kazi yote hiyo yaweza kumalizika mchana mmoja. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na anayekiona kijiti kile kikirudi nyuma kwa mara ya kwanza anapata kitu ambacho hakuna duka linaloweza kumuuzia: milango inayofunguka yenyewe katika benki, hoteli na maofisi inaacha kuwa miujiza, inakuwa kazi ya mikono ya watu kama yeye.

Furaha hiyo ni halali, wala sitaki kuipunguza. Lakini kifaa kilichofikia hapo bado hakijawa kitasa. Kimejifunza kufungua, na kufungua ndiyo sehemu nyepesi ya kazi ya mlango. Ukuta hukataa kila mtu, uwazi hukubali kila mtu. Mlango ndio uliopewa jukumu la kuchagua, na uzito wa kuchagua uko kwenye kukataa. Ninachotetea hapa ni kwamba anayeanza mradi huu aanzie huko. Kabla ya kuandika mstari unaogeuza mota, aamue mlango utamkataa nani, utamkatalia vipi, na utabaki katika hali gani siku utakapokosea. Asipoamua yeye, mambo hayo yataamuliwa na bahati, na bahati haina kawaida ya kumpendelea mwenye nyumba.

Pwani ya Waswahili imelijua jukumu hilo tangu zamani, wala haikulikabidhi kwa chuma peke yake. Milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu ni mbao nzito, njumu za shaba na minyororo, ila mara nyingi kinachomsimamisha mtu mbele yake ni hodi. Mgeni husimama nje ya kizingiti, hubisha, husubiri. Akibisha mara tatu bila kujibiwa huondoka bila kinyongo. Adabu hiyo ya mara tatu imetokana na mafundisho ya Kiislamu, na katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari limo simulizi la Jabir bin Abdullah aliyebisha kwa Mtume, akaulizwa ni nani, naye akajibu kwamba ni yeye, basi. Mtume alilirudia jibu hilo kwa namna ya mtu asiyependezwa nalo. Jibu kama hilo halimsaidii aliye ndani, kwa sababu kila aliye nje anaweza kulitoa. Kadi nyeupe ya kwenye boksi hujibu hivyo hivyo. Hutaja namba yake, ambayo katika kadi nyingi za aina hiyo ni ya baiti nne, kwa kisomaji chochote kinachouliza, bila kutaka kujua anayeuliza ni nani. Na sokoni zimo kadi ambazo namba yake inaweza kuandikwa upya ifanane na ya kadi nyingine. Mlango unaoridhika na namba hiyo umepokea jina la mtu badala ya ushahidi kwamba ni yeye, na jina limeumbwa ili lijulikane na watu.

Kifaa kinachojua kukataa hakiko mbali nasi. Katika nyumba nyingi za Tanzania kiko ukutani, ni mita ya LUKU. Kenya kipo vilevile, na huko watu hununua tokeni. Mtu analipia umeme, anapewa tarakimu 20, anazibonyeza, taa zinawaka. Akizibonyeza tarakimu zile zile kwa mara ya pili mita inazikataa. Jirani akizijaribu kwenye mita yake zinakataliwa pia. Mfumo unaofanya kazi hiyo, STS, ulizaliwa Afrika Kusini kabla ya kuwa kanuni ya kimataifa. Kila mita ina ufunguo wake wa siri wa kihesabu. Tarakimu 20 zimefumbwa kwa ufunguo wa mita ile moja, na ndani yake mna alama ya wakati, yaani dakika zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1993. Mita hukumbuka alama ilizokwisha kuzipokea. Ndiyo maana risiti iliyokwisha kutumika inaweza kutupwa barabarani bila hofu yoyote: kinachofichwa ni uwezo wa kutengeneza namba inayofuata, na namba iliyokwisha kusemwa haina thamani tena. Ukiuweka mlango wa anayeanza kando ya mita hiyo, upungufu wake unaonekana bila maelezo mengi. Mlango ule hupokea namba moja leo, kesho na mwaka ujao, kutoka mkono wowote utakaoileta.

Mita hiyo hiyo imetufundisha upande mwingine wa kukataa, na hapa inafaa tukae kidogo. Nafasi iliyotengwa kuhesabia dakika ilikuwa ya biti 24, ambazo ni dakika milioni 16 na ushee, nayo ilifika mwisho Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo wateja wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi walitakiwa kubonyeza namba za ziada ili kuhuisha mita zao; mita isiyohuishwa ingekuja kukataa umeme uliolipiwa kihalali. Walioupanga mfumo walijipa karibu miaka 32, muda mrefu kwa kifaa cha ukutani, na bado mita ziliufikia. Anayeandika sheria ya kukataa anaandika pia siku ambayo sheria hiyo itamgeukia mwenye haki, na ni wajibu wake kuitafuta siku hiyo mapema. Hilo halivunji hoja yangu. Linaipa umbo: kukataa vizuri ni kazi yenye pande mbili, kumzuia asiyestahili na kutomfungia nje anayestahili, na kila hatua ya kukaza upande mmoja huugusa ule mwingine.

Magari nayo yamepita njia hiyo. Afrika Kusini ndiko ilikobuniwa KeeLoq katika miaka ya 1980, mfumo wa rimoti inayotuma namba mpya kila inapobonyezwa na kipokezi kinachokataa namba za zamani; kampuni ya Marekani ya Microchip iliununua mwaka 1995, ukaenea katika magari na mageti. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walipima mabadiliko madogo ya umeme unaotumiwa na chipu inapopiga hesabu, wakapata kwa njia hiyo ufunguo mama wa mtengenezaji. Aliyekuwa nao aliweza kuiga rimoti ya mtu baada ya kunasa mawasiliano mawili tu. Mwaka 2015 Samy Kamkar akaonyesha hila nyingine isiyohitaji kuvunja hesabu yoyote: kifaa kidogo huziba mawimbi ili namba isifike kwenye gari, huku kikiihifadhi. Namba ambayo haijafika bado ni halali, kwa kuwa kipokezi kinajua tu kilichokisikia. Dawa yake ni muda, namba izeeke yenyewe hata kama haikutumika. Hilo liko ndani ya uwezo wa anayeanza. Kanuni ya wazi iliyochapishwa mwaka 2011, ile inayotumiwa na programu za simu kutoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, inaweza kuendeshwa na bodi ile ile ya Arduino Uno, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa programu na 2 kwa kazi, mradi tu iongezwe saa ndogo kama DS3231 na kibao cha namba. Hapo mlango unaanza kuuliza swali ambalo jibu la jana halitoshi.

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kumtwisha mwanafunzi mzigo asioustahili. Ana kijiti, kadibodi na servo. Hakuna mwizi atakayekuja kuiba hewa iliyo nyuma ya kadibodi. Aachwe afurahi, usalama atausoma baadaye. Nalipokea pingamizi hili kwa heshima, kwa kuwa wengi huacha elimu kwa sababu ya kuelemewa siku ya kwanza, na sisemi aanze na ufumbaji wa siri. Lakini samaki mkunje angali mbichi. Programu za kujifunzia hazibaki kwenye kadibodi: hunakiliwa, hubadilishwa namba moja au mbili, kisha husimamia mlango wa stoo, wa duka, wa hosteli. Na masomo ya mwanzo ya kukataa ni mepesi kuliko yanavyosikika. Chukua namba ya siri ya tarakimu nne. Ina michanganyiko 10,000. Mtu akijaribu mmoja kila sekunde tano, huimaliza yote kwa muda usiofika saa 14. Mlango ukinyamaza dakika moja baada ya kila makosa matatu, kunyamaza huko peke yake kunaongeza zaidi ya siku mbili. Hiyo ni mistari michache ya programu, na aliyeiandika hatausahau ulinzi wake.

Mfano mwingine ni mdogo zaidi na unanigusa zaidi, kwa sababu unahusu umeme tulionao. Moduli nyingi za rilei, swichi ndogo inayopitisha umeme wa kitasa, zinazouzwa pamoja na vifaa hivi huwaka pini ya bodi inaposhuka hadi sifuri. Programu ikitangaza kwamba pini ni ya kutoa kabla ya kuipandisha, pini huanza ikiwa sifuri, na rilei hubana hadi mstari wa kuisahihisha ufike. Ikiwa katikati pamewekwa kazi ya kuamsha kisomaji na skrini, kitambo hicho hurefuka. Maana yake ni kwamba mlango hujifungua kila umeme unaporudi. Mezani mwa mwanafunzi kosa hilo ni mlio mdogo wa “taki” ambao hakuna anayeujali. Katika mtaa ambao umeme hukatika na kurudi jioni moja mara kadhaa, anayetaka kuingia hahitaji kadi wala namba, anahitaji subira. Tiba yake ni kubadilisha nafasi za mistari miwili: pini ipandishwe kwanza, itangazwe baadaye. Aliyeanza kwa kuuliza mlango utafanya nini dakika ya kwanza baada ya giza, ataligundua kosa hilo kabla halijatoka mezani. Aliyeanza kwa kuuliza utafunguka vipi, hana sababu ya kulitafuta.

Pingamizi la pili lina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Kufuli la chuma nalo hufunguliwa. Kwa nini basi tukidai kifaa cha umeme kile ambacho chuma hakijawahi kutupa? Ni kweli. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, fundi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la Chubb lililosifiwa kwamba halichokonoleki, kwa muda usiozidi nusu saa, kisha akalifungua la Bramah lililokuwa limewekewa zawadi dirishani kwa miongo mingi, kazi iliyomchukua saa 51 zilizotawanyika katika siku 16. Tofauti iko katika ukubwa wa madhara. Hobbs alipolifungua kufuli moja alikuwa na kufuli moja mbele yake, na ustadi wake haukuweza kutumwa kwa mtu mwingine kama barua. Ufunguo mama wa rimoti ukitoka, magari yote yanayoutegemea yametoka nao. Kadi za aina ya ile nyeupe huja kutoka kiwandani na ufunguo ule ule unaojulikana na wote, herufi F mara kumi na mbili; mjenzi asiyeubadilisha ametumia ufunguo wa kila mtu. Kosa la chuma huishi penye chuma, ila kosa la programu husafiri na kila nakala yake. Hilo ndilo linalofanya wajibu wa mjenzi wa leo uwe mzito kuliko wa mfua kufuli.

Wapo pia wanaoona kwamba mazungumzo kama haya yenyewe ni hatari, kwamba kueleza udhaifu ni kuwafundisha wezi. Mwanaisimu Mholanzi Auguste Kerckhoffs alilijibu jambo hili mwaka 1883, alipoandika kwamba mfumo wa siri lazima ubaki salama hata ukianguka mikononi mwa adui, siri pekee ikiwa ufunguo. Kadi za MIFARE Classic, jamaa wa kadi ile nyeupe, zilikwenda kinyume chake: hesabu iliyozilinda ilifichwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na wanunuzi waliombwa kuiamini bila kuiona. Mwishoni mwa mwaka 2007 watafiti waliipasua chipu chini ya hadubini wakaisoma, na mwaka 2008 wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, wakaonyesha jinsi ilivyokuwa dhaifu. Kampuni ya NXP ilikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji. Mahakama ya Uholanzi ilikataa. Wakati huo kadi za aina hiyo zilikuwa zikilipia nauli London na Uholanzi na kufungua milango ya maofisi katika nchi nyingi. Mficha uchi hazai. Udhaifu ulikuwepo miaka yote, na waliofichwa walikuwa wanunuzi peke yao, kwani mwizi mwenye subira hakuhitaji ruhusa ya mahakama ili atazame.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni la mwisho: kama mambo ni magumu hivi, nunua kitasa kilichotengenezwa na wataalamu, uache kuchezea usalama wa nyumba. Nusu yake naikubali kabisa. Mlango mkuu wa nyumba wanamolala watoto usikabidhiwe kwa bodi ya kujifunzia. Kabati la vitabu au stoo ya vifaa inatosha kwa mwaka wa kwanza. Na hata hapo usiache mbachao kwa msala upitao: tundu la ufunguo wa chuma libaki, na upande wa ndani uwe na mpini unaofungua kwa mkono, usioulizia umeme, programu wala ruhusa, kwa kuwa moto haungoji kisomaji kiamke. Inafaa pia mjenzi ajue anachonunua. Kitasa cha sumaku hushika mlango kwa umeme, hivyo umeme ukikatika huachia. Kile cha solenoidi cha volti 12, ambacho wanaojifunza hukipata kwa urahisi, kwa kawaida hushika kwa springi na kuhitaji umeme ili kiachie. Cha kwanza huwaacha watu watoke na mwizi aingie, cha pili hulinda mali na kuweza kumfungia mtu. Hakuna fundi anayeweza kuchagua kati ya hivyo bila kwanza kujua nyuma ya mlango kuna nini, na nani.

Nusu nyingine ya pingamizi hilo siikubali. Mwaka 2011 watafiti watatu wa chuo cha ETH Zurich walijaribu magari 10 ya watengenezaji wanane, magari yanayofunguka ufunguo ukiwa mfukoni. Walirefusha mawimbi tu, kifaa kimoja karibu na gari na kingine karibu na ufunguo, na yote yalifunguka na kuwaka. Ufumbaji wa siri ulibaki mzima, haukuguswa. Gari liliuliza kama linaongea na ufunguo wake, likajibiwa ukweli. Halikuuliza kama ufunguo huo uko karibu. Wataalamu walikosea katika kuchagua swali, na aliyenunua gari hakuwa na njia ya kulijua swali lililochaguliwa kwa niaba yake. Aliyewahi kujenga mlango wake mwenyewe, hata wa kadibodi, ndiye anayejua kwamba swali lipo na lazima mtu alichague. Kesho atakapouziwa kitasa cha simu ataweza kuuliza kinathibitisha nini, kinakumbuka nini, seva ya mtengenezaji ikizimwa kitafunguka au la. Hiyo ndiyo faida ambayo naona inazidi kijiti kinachorudi nyuma.

Limebaki swali la kumbukumbu, ambalo miradi mingi ya mwanzo huligusa kama pambo. Ni rahisi kuongeza kadi ndogo ya kuhifadhia, au kutumia bodi yenye Wi-Fi kama ESP32, na mlango ukaanza kuandika kila aliyeingia na saa yake. Ufunguo wa chuma haukuwahi kuwa na daftari. Katika nyumba yenye msaidizi wa kazi, mpangaji, kijana anayechelewa kurudi, daftari hilo ni uwezo mpya juu ya watu ambao hawakuuomba, na sheria zimeanza kuliona: Kenya ilitunga yake ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania ya taarifa binafsi mwaka 2022. Kukataa kunahusika hata hapa, maana mlango unaweza pia kukataa kuandika. Unaweza kujua kwamba kadi ni halali bila kuhifadhi ni ya nani, na unaweza kufuta baada ya siku saba kile ambacho hauna kazi nacho. Mambo haya huandikwa kwa mistari michache kama ile ya rilei, na wanaoandikwa waambiwe kabla hawajapewa kadi zao.